Somo: Kupima kiputo kilichonaswa chini ya grafini

Tabaka la grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomi moja tu, linapolazwa juu ya fuwele ya boroni naitraidi, nyuso hizo mbili huvutana kwa nguvu kiasi kwamba maji na hidrokaboni zilizokuwa katikati husukumwa hadi zikakusanyika kwenye viputo. Kiputo, basi, ni dalili kwamba sehemu inayokizunguka imejisafisha.

Anza kwa kupima kimo cha kiputo na nusukipenyo chake kwa hadubini ya nguvu za atomi, ile inayopapasa uso kwa ncha nyembamba sana. Chagua cha mviringo, kwani vya pembetatu na vilivyoegemea mkunjo vina hesabu nyingine. Angalia pia ncha ya hadubini: ikikandamiza mno, kilele hubonyea na kimo husomeka pungufu.

Hatua ya pili ni kugawanya kimo kwa nusukipenyo. Utapata takriban 0.11, kiputo kiwe kidogo au kikubwa; chenye nusukipenyo cha nanomita 100 huinuka nanomita 11 hivi. Mshikamano wa nyuso hutaka eneo lililobanduka liwe dogo, hivyo hukibana kiputo kiinuke, ilhali tabaka lenyewe hukataa kuvutwa na kukilaza kiwe bapa. Jaribu kwenye kikokotoo: gawanya mshikamano, tuseme jouli 0.1 kwa mita ya mraba, kwa ugumu wa grafini, nyutoni 340 kwa mita, kisha tafuta kipeuo cha pili, na kipeuo cha pili cha jibu hilo, yaani kipeuo cha nne. Jibu ni 0.13, na kwa makadirio ya haraka namna hii hiyo si haba.

Kwa kanieneo ya ndani, gawanya mshikamano kwa kimo: nanomita 10 hutoa megapaskali 10 hivi, karibu mara 100 ya kanieneo ya hewa.

Swali: Mwalimu, mshikamano ukiongezeka maradufu, uwiano wa kimo kwa nusukipenyo nao utaongezeka maradufu?

Jibu: Hapana, utaongezeka kwa asilimia 19 tu, kwa sababu ya kile kipeuo cha nne. Ukirudi kinyumenyume kutafuta mshikamano, kosa la asilimia 5 katika kimo huwa kosa la asilimia 20 hivi, na ndiyo maana nimesisitiza habari ya ncha.

Swali: Nikipasha sampuli joto, viputo vitatoweka?

Jibu: Kwa kawaida huhama na kuungana. Viputo vinane vilivyo sawa vikiwa kimoja, ujazo haubadiliki, nusukipenyo huongezeka mara mbili, na eneo lililobanduka hupungua kwa nusu.