Kuomba mradi wa SATREPS na chuo cha Japani: mwongozo kwa mtafiti wa Afrika Mashariki

SATREPS ni mpango wa Japani wa kugharamia utafiti wa pamoja kati ya vyuo vyake na vyuo vya nchi zinazoendelea. Ulianza mwaka 2008. Fedha hutoka kwenye mifuko miwili: JST, yaani Wakala wa Sayansi na Teknolojia wa Japani, hulipia kazi inayofanyika kule, na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, hulipia inayofanyika huku kwetu. Ukijumlisha pande zote, mradi mmoja hupata karibu yeni milioni 100 kwa mwaka, kwa miaka mitatu hadi mitano. Mada zinazopokelewa ni mazingira, nishati safi, rasilimali za viumbe hai (kilimo kimo humo), kukabiliana na maafa, na magonjwa ya kuambukiza. Hiyo ya mwisho tangu 2015 inasimamiwa na AMED, wakala wa utafiti wa tiba, lakini utaratibu ni uleule.

Mifuko ikiwa miwili, maombi nayo ni mawili. Mwenzako wa Japani anapeleka andiko JST. Serikali yako inapeleka kwa serikali ya Japani ombi rasmi la ushirikiano wa kiufundi. Ombi la serikali lisipofika kwa wakati, andiko linawekwa kando hata liwe zuri namna gani. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu watafiti wetu wengi humwachia Mjapani kila kitu wakiamini kazi yao ni kusubiri majibu, kumbe nusu ya maombi iko mikononi mwao.

Anza na mtu

Huwezi kuomba peke yako. Mtafiti mkuu lazima awe wa taasisi ya Japani, na wewe unaingia kama kiongozi wa upande wa nchi yako. Njia ya uhakika ya kumpata mtu huyo ni wenzetu waliosoma kule kwa ufadhili wa Monbusho, yaani wa wizara ya elimu ya Japani. Karibu kila chuo kikubwa cha Dar es Salaam, Nairobi au Kampala kina wahadhiri wa namna hiyo, na wengi bado wanaandikiana na maprofesa waliowasimamia. Muombe mmoja wao akutambulishe kwa profesa wake. Barua pepe kutoka kwa mwanafunzi wake wa zamani husomwa. Ya mtu asiyemfahamu huweza kukaa bila kujibiwa.

Jitahidi muwe mmeshafanya kitu pamoja kabla ya kuomba, hata makala moja au ziara moja ya kukusanya sampuli. Chukua mfano wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Chuo Kikuu cha Nagasaki, waliopata SATREPS kwa ajili ya homa ya manjano na homa ya Bonde la Ufa. Nagasaki walikuwa na kituo chao Nairobi tangu 2005, miaka kadhaa kabla ya mradi huo. Wakaguzi walikuwa wanasoma andiko la watu waliokwisha kuzoeana.

Mradi huohuo unaonyesha pia mada inayopendwa ilivyo. Ulikuwa na sayansi mpya, yaani vipimo vya haraka vya kutambua virusi, na ulikuwa na matumizi: mfumo wa tahadhari ambapo kituo cha afya hutoa taarifa ya mgonjwa anayeshukiwa kwa ujumbe mfupi wa simu. SATREPS inataka vyote viwili. Andiko linaloishia kwenye makala za majarida halifiki mbali, na linaloomba vifaa tu bila swali la kisayansi halifiki kabisa. Jiulize mapema: matokeo haya atayatumia nani, wizara gani, na je, mtu wa wizara hiyo anajua kwamba unamtaja?

Njia ya serikali

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Dirisha la JST hufunguliwa nusu ya pili ya mwaka na kufungwa kabla mwaka haujaisha, na tarehe ya mwisho ya ombi la serikali huwa inakaribiana nayo. Usingoje tangazo. Mwezi Machi au Aprili nenda ofisi ya JICA katika nchi yako, iwe Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Kigali, uwaeleze wazo lenu na uombe fomu ya ushirikiano wa kiufundi. Waulize pia tarehe ambayo wizara inatakiwa iwe imefikisha maombi ubalozini. Hiyo ndiyo tarehe yako halisi; ile ya JST ni ya mwenzako.

Kwa Tanzania barua inatoka kwa mkuu wa idara, inapita kurugenzi ya utafiti, inasainiwa na makamu mkuu wa chuo, inakwenda kwa Katibu Mkuu wa wizara mama (elimu, au kilimo au afya kulingana na mada), kisha Wizara ya Fedha, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kuomba misaada kwa niaba ya nchi, na kutoka huko Ubalozi wa Japani. Kenya mlango wa mwisho ni Hazina ya Taifa.

Kila meza katika njia hiyo inaweza kukaa na barua wiki mbili bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Kwa hiyo fuatilia, na ufuatilie kwa namna inayomsaidia karani. Ukipeleka barua masijala, hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uandike kumbukumbu namba. Ukirudi, usiseme "nimekuja kuulizia ile barua ya Wajapani". Taja namba, uliza faili liko kwa afisa gani, na umwone mwenyewe. Mpelekee ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza mradi ni nini, nchi itapata nini, na nchi itatakiwa kuchangia nini. Huyo ndiye atakayeandika dokezo kwa bosi wake, na atatumia maneno uliyompa. Kumbuka kwamba maombi mengine kwa Japani, ya barabara, umeme na maji, yanapita mezani humohumo, na mtu akiulizwa lipi lipewe kipaumbele atatetea lile analolielewa.

Kichwa cha mradi kwenye fomu ya serikali na kwenye andiko la JST kiwe kimoja, neno kwa neno. Vivyo hivyo majina ya taasisi na malengo makuu. Tokyo watayalinganisha, na wakiona tofauti watauliza kama hii ni miradi miwili. Mnapobadilisha kichwa dakika za mwisho, na hutokea, mjulishe mwenzako siku hiyohiyo.

Bajeti

JICA haikupi fedha mkononi. Mgao wake, takriban yeni milioni 60 kwa mwaka, unatumika kununua vifaa, kuleta wataalamu wa Kijapani, kupeleka watafiti wenu Japani kwa mafunzo, na baadhi ya gharama za uendeshaji nyanjani. Huleta pia mratibu anayekaa na mradi hapa. Mishahara ya watafiti wenu, ofisi, umeme na maji ni juu ya chuo chenu, na posho za watumishi wenu msizitegemee kutoka huko.

Hili lisemwe wazi chuoni kabla makamu mkuu hajasaini. Mhadhiri aliyezoea miradi ya wafadhili wengine akigundua mwaka wa pili kwamba hakuna posho, ari inashuka, na anayeumia ni mwanafunzi wa uzamili anayemtegemea. Chuo kikitaka mradi, kiweke chumba, mtu wa maabara na fungu dogo la ndani kwenye bajeti yake. Kwa upande mwingine, vifaa vikishanunuliwa vinabaki kuwa mali ya taasisi yenu, na mradi unaweza kupata nafasi za ufadhili wa serikali ya Japani kwa vijana wenu kusomea uzamivu. Kwangu mimi hizo nafasi zina thamani kuliko mashine.

Baada ya kuchaguliwa

Wataalamu hupitia maandiko, wachache huitwa kwenye usaili, na anayejibu pale ni mtafiti mkuu wa Japani. Majibu hutoka majira ya Mei. Msishangilie bado, maana uteuzi huo una masharti. JICA hutuma timu kuja kupanga mradi pamoja nanyi, kisha zinasainiwa hati mbili: hati ya majadiliano, maarufu kama R/D, kati ya JICA na upande wa nchi yenu, na mkataba wa utafiti wa pamoja, CRA, kati ya vyuo vyenyewe. Zikichelewa kupita mwisho wa mwaka wa fedha wa Japani, Machi 31, uteuzi unaweza kufutwa.

CRA mpe mwanasheria wa chuo mapema, na wewe mwenyewe uisome mstari kwa mstari. Data zinahifadhiwa wapi? Jina la nani linaanza kwenye makala? Hataza ni ya nani? Sampuli za damu, udongo au mbegu zikienda Japani, zinarudi, zinateketezwa, au zinabaki kule milele? Itifaki ya Nagoya ya 2010 inaipa nchi yenye rasilimali za kijenetiki haki ya kukubali kwanza na kugawana faida. Wajapani wanaijua vizuri na hawatakasirika ukiitaja.

Wakati hati zinasubiri saini, anzeni vibali vya nyumbani. Wenzenu wa Japani wanahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, au leseni ya NACOSTI, tume ya aina hiyo ya Kenya, na COSTECH inataka mtafiti mwenyeji, ambaye ni wewe. Kwa Tanzania, mada ya afya inapita pia kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na ya wanyamapori inapita TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Zanzibar ina utaratibu wake wa vibali, kwa hiyo kibali cha Bara pekee hakitawafikisha Pemba. Ukishakipata, bado kuna barua ya katibu tawala wa mkoa, ya wilaya, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Msiruke ngazi hata moja, kwa kuwa mtendaji ndiye atakayewaitia watu mkutanoni.

La mwisho ni msamaha wa kodi wa vifaa. R/D huahidi msamaha huo, lakini bandarini na uwanja wa ndege wanataka barua yenye orodha ya kila kifaa na thamani yake. Iombeni mara tu mnapojua vifaa vimeagizwa, kabla meli haijang'oa nanga Japani, ili gharama za kuhifadhi mzigo zisianze kuhesabiwa mkiwa bado mnatafuta saini.