Valensi haikaririwi, inahesabiwa

Assalaam alaykum. Kila mwaka wanangu wa kidato cha pili hujaza kichwani jedwali la valensi (idadi ya elektroni ambazo atomu hutoa, hupokea au hushirikiana na wenzake inapoungana), na likiulizwa swali la fomula kalamu inaganda. Leo jedwali tuliweke kando.

Hatua ya 1: Panga elektroni kwa namba ya atomu, ndiyo idadi ya elektroni zake, kwenye mizingo, yaani njia zinazozunguka kiini. Mzingo wa kwanza huchukua 2, wa pili 8, wa tatu tuujaze 8 kisha twende wa nne. Sodiamu (11) ni 2:8:1. Klorini (17) ni 2:8:7. Oksijeni (8) ni 2:6. Kalsiamu (20) ni 2:8:8:2.

Hatua ya 2: Tazama mzingo wa nje peke yake. Kila elektroni tuiite kibaba: mzingo unataka vinane, yaani pishi mbili kamili, maana pishi ni vibaba vinne. Sodiamu ina kibaba kimoja. Kukitoa ni rahisi kuliko kutafuta saba. Klorini imepungukiwa kimoja. Kwa hiyo zote valensi 1: anayetoa na anayepokea wanahesabiwa sawa. Kalsiamu hutoa 2, oksijeni hupokea 2. Kaboni ina vinne, nusu kwa nusu, basi hushirikiana na wenzake: valensi 4.

Hatua ya 3: Valensi ya huyu iandike chini ya yule. Aluminiamu 3, oksijeni 2: Al₂O₃. Kalsiamu na oksijeni inakuja Ca₂O₂, fupisha iwe CaO. Hiyo ndiyo chokaa hai, inayotoka tanurini mawe ya matumbawe yakishachomwa. Kufupisha ndiko kunakokula maksi za watu!

Maswali

Maalim, chokaa ile ikimwagiwa maji inatokota. Fomula inageuka?
Inageuka, Ca(OH)₂. OH ni kundi la oksijeni na hidrojeni zilizoshikana, valensi yake 1. Mabano usiyaache: CaOH₂ ina oksijeni moja tu.

Mbona chuma kina 2 na pia 3?
Hesabu yetu inaishia kalsiamu. Chuma hutoa hata elektroni za mzingo wa ndani, ndiyo maana swali huandikwa chuma(II) au chuma(III). Kutu ya mabati yetu ya pwani ni chuma(III) zaidi.

Heliamu ina elektroni 2. Valensi 2?
Hapana, mwanangu. Mzingo wa kwanza mwisho wake ni 2, umeshajaa. Ziro, kama neoni.