Siku moja Lubumbashi: panga safari yako isiishie ndani ya taksi

Anayekuja Lubumbashi kwa siku moja huwa na orodha ya mahali kumi na kuzifuata kama zilivyoandikwa. Asubuhi yuko mtaa wa Kamalondo, saa sita yuko katikati ya mji, jioni anarudi Kamalondo kufuata kitu alichosahau. Siku imekwisha, na alichoona zaidi ni kisogo cha dereva.

Mji huu ulichorwa kabla ya kujengwa. Ulianza mwaka 1910, reli kutoka kusini ilipofika, ukaitwa Élisabethville kwa jina la malkia wa Ubelgiji hadi 1966. Ramani yake ya kikoloni ina vipande vitatu: tanuri la shaba la kampuni ya madini ya Union Minière, mji wa Wazungu wenye barabara zilizonyooka, na cité, yaani mtaa wa Waafrika, upande wa kusini, iliyotengwa kwa ukanda mtupu. Fuata vipande hivyo na hutarudi nyuma hata mara moja. Mahali manne au matano yanatosha.

Saa zote hapa chini ni za Kiswahili: saa 2 asubuhi ndiyo huit heures ya Kifaransa.

Hatua ya 1: Chagua siku

Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu ofisi ndiyo kwanza zinaamka, na mwenye funguo huenda hajafika. Ijumaa jioni na Jumamosi ni Sabato, usitegemee sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi. Jumapili kanisa kuu limejaa waamini. Ukitaka kusali ni siku nzuri, ukitaka kutazama matofali si siku yake.

Msimu nao una neno. Kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua, lakini Juni na Julai alfajiri ni baridi kweli (mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari), na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye simu. Septemba na Oktoba jakaranda zinachanua zambarau barabarani. Joto ni kali, ila picha ndizo hizo. Kuanzia Novemba mvua kubwa hupenda kunyesha alasiri. Hapo geuza mpango: matembezi ya nje asubuhi, makumbusho mchana.

Hatua ya 2: Pesa na karatasi, usiku wa kuamkia

Dola zinapokelewa, lakini noti iliyochanika hata kidogo pembeni itakataliwa, na ya dola 1 wengi hawaitaki. Badilisha kiasi kuwa franka, na uombe noti ndogo: za 500 na 1,000 kwa basi dogo, maji na kumshukuru mlinzi. Hesabu pesa mbele ya kambisti (mbadilisha pesa) kabla hamjaachana, noti moja moja. Bunda lililofungwa mpira ndilo linalopungua.

Beba kitambulisho chenyewe. Kwa Mkongomani kadi ya mpiga kura inatosha; mgeni abebe pasipoti yenye viza, pamoja na nakala yake kwenye mfuko mwingine. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia, na viatu vilivyofungwa, maana mifereji ya kando ya barabara mingine haina mifuniko.

Patana na dereva mmoja kwa safari mbili tu: ile ya mchana kwenda Kamalondo na ile ya jioni kurudi unakolala. Kumkodi kutwa nzima ni kumlipa alale chini ya mti wakati wewe unatembea kwa miguu.

Hatua ya 3: Makumbusho ya Taifa, saa 3:00 hadi 4:30 asubuhi

Anzia hapa, kwa sababu ndani ya chumba kimoja utaelewa kwa nini mji uko mahali ulipo. Tuma mtu au piga simu siku moja kabla kuuliza kama wamefungua. Omba mwongozaji wa humo humo. Bila yeye utatoka baada ya dakika 20 ukisema umeona vyungu.

Vyungu vyenyewe vitazame polepole. Vya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, vilitoka kwenye makaburi yaliyochimbwa na wataalamu mwaka 1957 na 1958. Kisha tafuta misalaba ya shaba. Haihusiani na kanisa: ni shaba iliyomiminwa kwenye kalibu karne nyingi kabla mmisionari hajafika. Ya zamani ni mikubwa na haifanani, na ilizikwa na wachache. Kadiri karne zilivyosonga ikawa midogo na ya kulingana, mpaka ikafanya kazi ya pesa. Ndiyo hiyo mitatu iliyochorwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960, kiongozi wake Moïse Tshombe alipotangaza kujitenga na Kongo tarehe 11 Julai. Mtu asiyejua habari ya misalaba hii atatembea mji mzima akidhani shaba ilianza na Wabelgiji.

Hatua ya 4: Katikati ya mji kwa miguu, saa 4:30 hadi 6:30

Jirani na makumbusho kuna jengo la zamani la tamthilia, sasa linaitwa Bâtiment du 30 Juin, kazi ya msanifu Claude Strebelle na wenzake katika miaka ya 1950. Ni jengo la serikali, bunge la jimbo hukaa humo. Usitoe simu kabla ya kusalimia walinzi na kuomba ruhusa. Wakikataa, kunja simu na uendelee; kubishana kutakula saa nzima.

Shuka hadi Place Moïse Tshombe, ambayo wengi bado wanaiita Place de la Poste. Hapa simama uangalie barabara zinavyokatana kwa pembe mraba, pana kuliko zilivyohitajika mwaka ule. Kisha kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, la matofali mekundu. Ingia kimya, tazama paa kutoka ndani, dakika 15 zinatosha.

Sinagogi ni kituo ambacho wageni wengi hawakitarajii. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa mchoro wa Raymond Cloquet, kwa ajili ya Wayahudi ambao wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes kuja kufanya biashara. Hata kuiona kwa nje kunafaa. Kuingia kunahitaji mpango wa mapema.

Stesheni ya reli ipite, usiipige picha. Vivyo hivyo kambi za jeshi, polisi, askari, makazi ya gavana na kitu chochote cha mgodi. Hili ndilo linaloharibu siku kuliko mvua.

Hatua ya 5: Chakula

Bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo), au bukari na samaki. Nyama ya mbuzi ya kuchoma, michopo, ingoje jioni: mchana mara nyingi ni mabaki yaliyopashwa moto. Saa moja, si zaidi.

Hatua ya 6: Kamalondo, saa 8:00 hadi 10:00 alasiri

Mwambie dereva aende polepole mnapotoka katikati, kwa sababu mnavuka ule ukanda. Wakoloni waliuacha mtupu, mamia ya mita, kwa hoja ya malaria: eti mbu hataruka kutoka kwa Mwafrika hadi kwa Mzungu. Mpishi na boi wa nyumbani waliruhusiwa kuuvuka kila asubuhi, mbu hapana. Leo umejengwa, na usipoambiwa hutaona kitu.

Kamalondo ndiyo cité ya zamani, zamani ikiitwa Albert. Hapa hakuna mlango wa kukata tiketi. Unachotazama ni viwanja vidogo vya ukubwa mmoja, vilivyopimwa kwa kamba. Tembea barabara mbili tatu na mwenyeji, salimia, nunua kitu. Pita uwanja wa mpira wa TP Mazembe uliofunguliwa 2011, wenye viti 18,500. Klabu hii imetwaa ubingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Siku ya mechi, ama nunua tiketi na ufute mambo mengine yote, ama kaa mbali na Kamalondo. Njia ya katikati hakuna.

Hatua ya 7: Dohani na mlima mweusi, saa 10:30 hadi 11:30

Malizia kwa terril, yaani mlima wa taka za tanuri, na dohani ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, jua likiwa chini. Ule mlima si wa Mungu: ni mabaki ya madini yaliyoyeyushwa, yaliyomwagwa tangu tanuri lilipowashwa mwaka 1911. Baadaye ikaonekana ndani yake mmebaki kobalti, ndiyo maana ulianza kuchotwa tena. Usiupande na usikaribie uzio. Ni eneo la kazi lenye walinzi. Unaonekana vizuri kutoka mbali, na ukiwa mbali ndipo ukubwa wake unapoeleweka. Saa 12 giza linaingia haraka, uwe tayari njiani kurudi.

Maswali ya wasomaji

Kutoka Kolwezi: *Jambo. Niko nakuya na mama yangu mzee, miguu inamuuma. Namna gani?*

Jambo ndugu. Mama asitembee hatua ya 4 yote. Makumbusho, kisha gari hadi kanisa kuu, kisha chakula mapema, saa 5:30. Kamalondo mzunguke mkiwa ndani ya gari. Hapo dereva wa kutwa ana faida, ila bei ipatanwe kabla mlango haujafungwa.

Kutoka Kigoma: *Je, Kiswahili changu kitaeleweka?*

Kitaeleweka, na watacheka kidogo. Ukisema ugali watajua, lakini sema bukari. Utasikia *batu* badala ya watu, *muji* badala ya mji. Tatizo liko kwenye hesabu: bei na saa watu wengi hutaja kwa Kifaransa. Ukimwambia dereva "saa mbili" anaweza kungoja hadi saa 14 ya Kifaransa, yaani saa 8 mchana. Mwambie huit heures, au mwonyeshe kwenye simu.

Kutoka Likasi: *Umeacha Shilatembo, papa. Lumumba hana nafasi kwenye siku hiyo?*

Nafasi anayo, muda ndio haupo. Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa huko usiku wa tarehe 17 Januari 1961, na ni takriban kilomita 50 kwenye njia ya kuja kwenu Likasi. Kwenda, kukaa kwa heshima na kurudi ni nusu siku. Wewe unayetoka Likasi simama pale ukiwa njiani kuja. Anayelala mjini aipe asubuhi yake peke yake.

Kutoka Bukavu: *Nataka kununua malakite. Nitajuaje ya kweli?*

Ishike. Malakite ni jiwe la kijani la shaba, ni baridi na zito. Plastiki inapata joto mkononi upesi. Mistari ya kweli haifanani unene na inaendelea hadi upande wa pili. Ya kuchora inajirudia. Angalia pia sehemu zilizojazwa unga na gundi, hung'aa tofauti ukigeuza kwenye mwanga. Usijaribu kwa ndimu: asidi inaunguza hata iliyo halali, na ukiharibu umenunua. Chukua kilichochongwa, si jiwe ghafi, na omba risiti ya kuonyesha uwanja wa ndege.

Kutoka Kalemie: *Nina saa tano tu kati ya ndege mbili.*

Toa mbili za kuwa mapema uwanja wa ndege wa Luano, na moja ya njia kwenda na kurudi, ukiomba isizibe. Zinabaki mbili: makumbusho na Place de la Poste. Ukifika kati ya saa 10 na 12 jioni, usitoke. Ndio wakati magari yanabanana.

Kutoka hapa hapa, Katuba: *Na zoo? Watoto watalia.*

Walie kidogo, mama. Ukiwa na watoto wa chini ya miaka kumi, toa sinagogi na mlima, weka zoo alasiri. Kwa mtu mzima mwenye siku moja, simba anaonekana kwingine.