Jinsi ya Kuiandaa Roboti ya Ardhini Kupima na Kuhudumia Mimea Shambani

Kabla ya kununua au kuunda roboti ya kutembea shambani, andika sentensi moja inayotaja kazi unayotaka ifanywe, iwe ni kuhesabu miche iliyoota, kupima unene wa mashina, kutambua majani yanayoanza kuugua au kuondoa magugu yaliyo katikati ya mistari. Sentensi hiyo ndiyo itakayoamua umbo la mtambo, kamera zake na hata majuma utakayouingiza shambani. Kwa maoni yangu, kosa linalogharimu kuliko yote ni kuanza na mashine, kisha kuitafutia kazi.

Jiulize pia kama kazi hiyo inahitaji roboti ya ardhini. Droni humaliza eneo kubwa kwa dakika chache, lakini majani yakishafunga nafasi iliyo kati ya mistari, haiwezi tena kuona mashina wala upande wa chini wa majani, ambako wadudu wengi hujificha. Thamani ya roboti ya ardhini iko hapo hapo, chini ya majani.

Ukishaamua, chukua futikamba uingie shambani. Mistari ikiwa imeachana kwa sentimita 75, usidhani kwamba una sentimita 75 za kupita, kwa sababu mistari hupinda, udongo huporomoka na majani hutanuka. Kiwiliwili cha sentimita 40 hivi ni salama zaidi. Roboti inayopita juu ya mstari, magurudumu yakiwa pande zote mbili za mimea, huona vizuri miche michanga, ila manufaa yake huisha mimea inapolizidi tumbo lake kwa kimo. Uzito nao uangaliwe, hasa pale udongo unapokuwa na maji, kwani mashine nzito hushindilia ardhi na kuinyima mizizi hewa.

Kisha piga hesabu ya muda. Hekta 1 ya mraba, yenye mistari iliyoachana kwa sentimita 75, ina mistari ipatayo 133 yenye urefu wa mita 100 kila mmoja, yaani zaidi ya kilomita 13. Roboti inayokwenda nusu mita kwa sekunde itatembea zaidi ya saa 7 bila kuhesabu muda wa kugeuka. Kama lengo ni kukadiria idadi ya miche, kupita katika mstari mmoja kwa kila kumi kunaweza kutosha, lakini kama lengo ni palizi, hakuna mstari wa kuruka, na betri lazima ipangwe kwa hesabu hiyo.

Kuhusu uelekezaji, kipokezi cha kawaida cha setilaiti hukosea kwa mita kadhaa, na kosa hilo linatosha kuipeleka roboti katika mstari wa jirani. Kipokezi kinachosahihishwa na kituo cha rejea kilichosimikwa mahali panapojulikana hupunguza kosa hadi sentimita chache, ilimradi anga ionekane. Chini ya majani marefu mawimbi huzibwa au hurudishwa na mimea yenyewe, kwa hiyo hapo roboti inapaswa kufuata mstari kwa kamera au kwa kihisi cha leza kinachopima umbali wa mashina. Usitegemee hesabu ya mizunguko ya magurudumu peke yake, maana gurudumu likiteleza kwenye tope huhesabu safari ambayo haikufanyika. Mwishoni mwa mistari acha ardhi tupu ya kugeuzia.

Kamera huhitaji uangalifu uleule. Roboti ikienda nusu mita kwa sekunde na kamera ikipokea mwanga kwa 1/100 ya sekunde, picha huvutika kwa milimita 5, na kipimo cha shina jembamba hakina maana tena. Kwa 1/1000 ya sekunde mvutiko hushuka hadi nusu milimita, ingawa utahitaji mwanga mwingi zaidi. Kama unalinganisha rangi za majani kati ya siku na siku, piga picha ya kibao cheupe cha rejea mwanzoni na mwishoni mwa kila safari, kwa sababu wingu likipita mbele ya jua linaweza kuufanya mmea wenye afya uonekane umedhoofu.

Hatua ninayokuomba usiiruke ni ya kulinganisha vipimo vya roboti na vya mkono. Chagua mimea 30 au zaidi iliyotawanyika shambani, iwekee vigingi, uipime mwenyewe siku ileile roboti inapopita. Ikiwa roboti daima inazidisha kwa milimita 2, hilo ni kosa la kusawazisha na linarekebishika. Ikiwa mara inazidisha na mara inapunguza bila mpangilio, tatizo liko katika picha au katika programu ya utambuzi, yaani ile inayosoma picha na kutambua mimea. Programu hiyo nayo ipimwe kwa picha za shamba ambalo haijawahi kuliona. Ukizichanganya picha zote na kuzigawa kiholela kati ya zile za kuifunza programu na zile za kuipima, mmea uleule uliopigwa mara mbili utaingia katika mafunzo na katika mtihani, na utapata alama nzuri za uongo.

Roboti ikishaaminika katika kupima, ndipo iruhusiwe kugusa. Kucheleweshwa kwa amri kwa sehemu ya tano ya sekunde, katika mwendo wa nusu mita kwa sekunde, humaanisha jembe linapiga likiwa limeshalipita gugu kwa sentimita 10, kwa hiyo ucheleweshaji huo upimwe na kufidiwa. Anza kwa kunyunyiza maji yenye rangi ili uone inapolenga. Magugu yashughulikiwe yakiwa na majani mawili hadi manne, na mmea wowote wenye shaka uachwe na kuwekewa alama, kwa kuwa gugu lililobaki litapaliliwa kesho, ila zao lililokatwa halirudi. Njia nyingine, inayotumiwa na roboti ya FarmDroid kutoka Denmark, ni kurekodi mahali pa kila mbegu wakati wa kupanda, kisha kupalilia kwa kumbukumbu hiyo hata kabla zao halijachomoza.

Kila asubuhi jaribu kitufe cha kusimamisha dharura, na uhakikishe kwamba roboti husimama yenyewe mawasiliano yakikatika au ikigusa kitu. Jioni safisha lenzi, na uoshe magurudumu kabla ya kuipeleka shamba lingine, kwa sababu tope hubeba mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa.