Kupima Mbio za Farasi Kabla ya Kuweka Dau: Mwongozo wa Mgeni wa Ngong

Mgeni akifika uwanja wa Ngong, Nairobi, siku ya mbio, swali lake la kwanza huwa "Nani atashinda?" Mimi humwomba aulize jingine: farasi huyu ana nafasi kiasi gani ya kushinda, na je, odi yake, yaani malipo kwa kila shilingi ya dau akishinda (dau lenyewe likiwemo), inalipa zaidi ya nafasi hiyo? Jibu liandike kwa kalamu kabla hujatazama ubao wa odi. Ukiutazama kwanza, utamfuata kipenzi cha watu, na hesabu yako itakuwa imekwisha kuharibika.

Hatua ya 1: Chagua mbio zinazopimika

Ruka mbio za farasi wachanga ambao hawajawahi kushindana. Hakuna cha kupima. Anza na hendikapu, yaani mbio ambazo farasi bora hubebeshwa uzani mkubwa zaidi ili wote wakaribiane. Ngong, uwanja unaotumika tangu 1954, unamfaa sana mwanafunzi kwa sababu farasi si wengi na walewale hukutana mara kwa mara. Anayepima mbio za Uingereza ana maelfu ya farasi wa kufuatilia. Wewe daftari moja litakutosha.

Hatua ya 2: Soma rekodi

Kwenye kadi ya mbio, kando ya jina, utaona tarakimu kama 4203. Kila moja ni nafasi aliyomaliza. Ya kulia kabisa ndiyo ya karibuni, na 0 ni nafasi ya kumi au nyuma zaidi. Usiishie hapo. Aliyekuwa wa tatu, tena kwa kuachwa kidogo tu, katika daraja la juu anaweza kuwa bora kuliko mshindi wa daraja la chini. Aliyeshinda mita 1,200 bado hajathibitisha kwamba ataziweza 2,400 za Kenya Derby. Na mvua za masika zikilowesha nyasi, tafuta nani amewahi kukimbia vizuri kwenye uwanja mzito.

Hatua ya 3: Pima uzani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapopita haraka. Kanuni ya kuanzia: katika mita 1,600, kilo moja ni sawa na takriban urefu wa farasi mmoja kwenye mstari wa kumalizia. Mbio zikiwa fupi, zinahitajika kilo zaidi kubadilisha urefu huo. Zikiwa ndefu, inatosha chini ya kilo.

Chukua mfano. Farasi A alimshinda B kwa urefu wa farasi wawili katika mita 1,600. A alibeba kilo 54, B 57. Leo wanakutana tena umbali uleule, A akibeba 58 na B 56. Mara ile A alikuwa na nafuu ya kilo 3. Leo B ndiye mwenye nafuu ya kilo 2. Mabadiliko ni kilo 5, sawa na urefu wa farasi watano hivi. Toa wale wawili wa A: kwa karatasi, B anatakiwa kumaliza mbele kwa watatu. Watu wengi uwanjani watakumbuka tu kwamba A alishinda.

Kumbuka pia kwamba mpanda farasi mwanagenzi hupunguziwa kilo kadhaa. Ziingize kwenye hesabu.

Hatua ya 4: Mtazame farasi

Wakizungushwa kabla ya mbio, tafuta manyoya yanayong'aa na mwendo mlegevu wenye hatua ndefu. Jasho jingi na kuhangaika ni dalili ya nguvu inayopotea bure. Dakika chache zinatosha.

Hatua ya 5: Geuza maoni yawe asilimia

Wagawie farasi wote asilimia 100, kila mmoja kwa kadiri ya nafasi unayompa ya kushinda. Tuseme B 40, A 25, C 20, waliobaki 15. Sasa gawa 100 kwa kila namba upate odi ya haki: B 2.50, A 4.00, C 5.00.

Hatua ya 6: Sasa tazama ubao

B akilipa 1.90, mwache, hata kama unaamini ndiye atakayeshinda. C akilipa 7.00, huyo ndiye wa kuwekea dau. Kama hakuna anayezidi odi yako, kaa utazame mbio. Kwenye toti, ambako madau yote huingia mfuko mmoja, hukatwa sehemu ya mwendeshaji, kisha hugawiwa walioweka dau kwa mshindi, malipo hubadilika hadi mbio zinapoanza, kwa hiyo subiri dakika za mwisho.

Hatua ya 7: Linda fedha, jikague

Tenga fedha isiyohitajika kwa kodi wala ada ya shule, na kila dau lisizidi asilimia 2 ya fedha hiyo. Andika asilimia ulizotoa, hata kwa mbio ulizoziruka. Ukishawapa farasi 50 nafasi ya asilimia 40, hesabu walioshinda. Wakikaribia 20, macho yako yanapima sawa. Wakiwa 11 tu, unawapendelea mno vipenzi vyako. Rudi hatua ya 3 na ya 5 kabla ya kuongeza hata shilingi moja.