Kuchuma karafuu bila kuvunja vitawi

Kwa wenye mashamba ya mikarafuu, hasa ndugu zetu wa Pemba, ni vyema wachumaji waelezwe mapema kwamba shada la karafuu huchumwa kwa kukatwa konyo lake kwa kidole, bila kuondoka na kitawi kilicholibeba. Mkarafuu huzaa kwenye ncha za vitawi tu, na majani yake hutoka mawili mawili yakikabiliana. Shada likishachumwa, machipukizi mapya huanzia kwenye vikwapa vya majani yaliyo chini yake, na ndiyo yatakayobeba karafuu za misimu ijayo. Kitawi kinapovunjwa pamoja na jozi tatu au nne za majani, mti hulazimika kwanza kukirudishia urefu wake kabla ya kufikiria kuzaa, na huo ndio mara nyingi mwanzo wa msimu mbovu ambao tunausingizia mvua.

Tawi la mbali livutwe polepole kwa kingoe, yaani fimbo yenye ncha iliyopinda, kwani mti wa mkarafuu ni mkavu na hukatika ghafla. Mchumaji anayelipwa kwa pishi, yaani kwa kipimo cha karafuu alizochuma, ana haraka yake, hivyo usimamizi ni wa mwenye shamba. Tawi lililokwisha kuvunjika likatwe kwa msumeno, karibu na shina lakini bila kulichubua, kwa sababu kuvu wanaokausha matawi huingia kwa urahisi kupitia jeraha lililochanika.