Kabla ya Kurekebisha Programu ya Zamani, Hifadhi Nakala Yake Ilivyo

Ninapoletewa kasha la disketi za miaka ya 1990, liwe limetoka Mikindani, Masasi au Lindi mjini, mwenye kasha huanza na ombi lile lile: programu iliyomo haifunguki, tafadhali itengeneze. Ombi hilo ni la haki, kwa sababu programu isiyofunguka haimfaidii mtu aliyezitunza disketi zake kwa miaka 30. Hata hivyo, ninashikilia utaratibu mmoja ambao siukiuki: kwanza huchukuliwa nakala kamili ya toleo kama lilivyo, pamoja na kasoro zake zote, na marekebisho yoyote hufanywa baadaye kwenye nakala nyingine, yakiwa na jina lake na maelezo yake.

Anza na disketi yenyewe kabla ya kuwasha kompyuta. Hewa ya pwani yetu ina unyevu na chumvi, na disketi iliyokaa kabatini misimu mingi ya mvua huweza kuota ukungu. Sogeza kifuniko cha chuma cha disketi ya inchi 3.5, zungusha taratibu kitovu cha nyuma kwa kidole, na uangalie kisahani cha ndani kwa mwanga wa pembeni. Ukiona madoa meupe au ya kijivu, usiitie kwenye draivu, kwa maana kichwa cha kusomea kitakwangua utando wa sumaku unaobeba data, kisha kitahamishia uchafu huo kwenye disketi itakayofuata. Iweke kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vikavu vya kunyonya unyevu, na kazi ya kuisafisha umwachie aliyekwisha kuifanya, au ujifunzie kwanza kwenye disketi isiyo na thamani.

Baada ya hapo, zuia disketi isiandikwe. Kwenye disketi ya inchi 3.5 sogeza kile kitufe cha pembeni mpaka tundu lionekane wazi. Kwenye ile ya inchi 5.25 ni kinyume chake, yaani unaziba pengo la ubavuni kwa kipande cha karatasi ya gundi. Hatua hii niliwahi kuiruka, na ninaijutia hadi leo. Nilikuwa na disketi mbili za toleo moja, nikatia mojawapo kwenye kompyuta ya Windows 98 ili nione tu majina ya mafaili. Sikuhifadhi chochote, lakini Windows za kizazi kile zilikuwa na tabia ya kuandika alama yao katika sekta (kipande kidogo cha data) ya kwanza ya disketi isiyozuiwa, na nilipokuja kuzilinganisha, disketi zilizokuwa pacha hazikulingana tena.

Nakala inayotakiwa si ya mafaili yanayoonekana, bali ya disketi nzima, sekta kwa sekta. Disketi ya kawaida ya inchi 3.5 ina pande mbili, kila upande una njia 80, kila njia ina sekta 18, na kila sekta ina baiti 512. Kwa hiyo faili la nakala kamili lina baiti 1,474,560, na likipungua hata kwa baiti moja, kazi haijakamilika. Kwenye Linux ninatumia programu ya kunakili iitwayo ddrescue, kwa sababu inarudia kusoma sehemu ngumu na kuacha ramani ya sekta zilizoshindikana, ili baadaye ijulikane ni wapi pana pengo. Disketi za Amiga, kompyuta ya nyumbani ya zamani, na zile zilizotengenezwa kwa makusudi zisinakilike, hazisomeki kwa draivu ya kawaida ya USB. Hizo zinahitaji kifaa kinachonasa mabadiliko ya sumaku yenyewe, kama Greaseweazle. Mara nakala inapopatikana, ikokotolee alama ya uhakiki ya SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64, ambayo hubadilika faili likibadilika hata kidogo, uiandike kwenye daftari, na upige picha lebo ya disketi pamoja na mwandiko wa kalamu ulio juu yake.

Hapo ndipo swali la kurekebisha linapofaa kuulizwa, na ninashauri uanze kwa kuuliza kasoro iko wapi, maana mara nyingi haimo ndani ya programu. Programu nyingi za DOS, mfumo uliotumika kabla ya Windows, zilizoandikwa kwa lugha ya Turbo Pascal husimama mara tu zinapoanza, zikitoa hitilafu namba 200, kwenye kompyuta zenye kasi ya kuanzia takribani MHz 200. Sababu ni kwamba programu hizo hupima kasi ya kompyuta kwa kuhesabu mizunguko, kisha huigawanya hesabu hiyo. Kompyuta ikiwa na kasi mno, jibu huwa kubwa kuliko nafasi ya biti 16 iliyotengwa kulipokea. Ipo njia ya kubadilisha baiti chache ili kuondoa tatizo hilo, lakini DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya zamani, ikipunguziwa kasi huiendesha programu ile ile bila kuguswa, na mimi huchagua njia hiyo kila inapowezekana.

Kama kasoro ni sekta iliyoharibika, tafuta disketi nyingine ya toleo hilo hilo badala ya kubuni baiti zilizopotea, na ukiunganisha nakala mbili, andika kila sekta imetoka wapi. Michezo ya kompyuta za Commodore 64 na Amiga iliyosambazwa na vijana wa Ulaya katika miaka ya 1980, kinga za kuzuia kunakili zikiwa zimevunjwa na utangulizi wenye majina ya vikundi vyao ukiwa umeongezwa, nayo ihifadhiwe ilivyo, kwa sababu ndivyo ilivyowafikia wachezaji wengi.

Kasoro za mwandishi mwenyewe ndizo zinazohitaji fikra zaidi. Chukua mfano wa programu ya malipo ya korosho inayoandika mwaka kwa tarakimu mbili. Msimu wa korosho kwetu huanza mwishoni mwa mwaka na kuvuka hadi mwaka unaofuata, hivyo katika msimu wa 1999/2000 malipo ya Januari yangepangwa kabla ya yale ya Oktoba, kwa kuwa 00 ni ndogo kuliko 99. Mtu anayetaka kuzisoma data hizo leo anastahili programu inayopanga tarehe sawasawa. Lakini anayeshika orodha iliyochapwa wakati ule, akashangaa kwa nini mkulima anaonekana kulipwa kabla ya kupima korosho zake, hatapata jibu kwenye programu iliyorekebishwa. Jibu limo kwenye ile yenye kosa. Ndiyo maana sikubali moja ifutwe kwa ajili ya nyingine.

Lindi tunao ushahidi wa jambo hili. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913 iliunganishwa Berlin na kusimamishwa mwaka 1937, kisha wataalamu wakaja kuelewa mkao wa miguu kwa namna tofauti, na kiunzi kilichopangwa upya kikafunguliwa kwa umma mwaka 2007. Kama mifupa ingekuwa imechongwa ili ilingane na fikra za 1937, hapangekuwa na cha kusahihishia.

Unaporekebisha, usisambaze programu nzima iliyobadilishwa. Tengeneza kiraka, yaani faili dogo lenye tofauti tu. Kiraka cha muundo wa BPS kinafaa kwa sababu hubeba alama ya faili la asili, hivyo programu ya kukibandika hugundua kikielekezwa kwenye faili lisilo lake. Jina la toleo jipya litaje aliyelirekebisha na mwaka, na namba ya toleo la mwandishi isiguswe. Uzee wa programu haumwondolei mwenyewe haki zake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa hiyo mtafute na umwombe ruhusa kabla ya kuigawa.

Nakala ya asili iwekwe kwenye vifaa viwili vilivyo katika majengo mawili tofauti, na kila mwaka alama ya SHA-256 ikokotolewe upya na kulinganishwa na ile ya kwenye daftari. Disketi yenyewe mrudishie mwenyewe ikiwa ndani ya mfuko mkavu uliofungwa, hata kama haisomeki tena.